Uchungu wa Bega

Ninyi mnaovaa glavu mara moja na kuzitupa kwenye ndoo, sogeeni kwanza niwacheke. Enzi zetu glavu ilifanya kazi mpaka ikawa na viraka vingi kuliko suruali ya fundi. Baada ya upasuaji tuliziosha, tukazianika kwenye kamba kama soksi za watoto wa shule, tukazitia poda, kisha kila moja ikapimwa kwa hewa. Unaukunja mdomo wa glavu ili hewa ibaki ndani, vidole vinavimba, halafu unaisogeza shavuni. Kama kuna tundu, hata la ncha ya sindano, shavu litasikia upepo. Siku zangu za mwanzo niliijaza glavu nzee kupita kiasi, ikapasuka mbele ya Sista Turfena, msimamizi wa chumba cha upasuaji, naye akabaki mweupe kwa poda kutoka kofia hadi kidevu. Hakucheka hata kidogo. Alinifinya sikio akaniambia, "Wewe msichana wa Murang'a, hewa ni dawa. Ipime kama dawa."

Mimi ni mtoto wa duka. Baba alihama Murang'a kuja Kisumu, akauza blanketi na sufuria karibu na soko, na Dholuo, lugha ya Wajaluo, niliijua kwa kubishana bei na wateja. Nilianza uuguzi miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Kufikia sabini na kitu nilikuwa nimeshapangwa kliniki ya akina mama waliokuwa wakitafuta watoto, na huko ndiko nilikoijua hofu. Nimesaidia kukata miguu, nimeshika matumbo ya watu mikononi, lakini hakuna kilichonitetemesha kama ile chupa ya hewa ya kila Alhamisi, siku ya kliniki.

Ngoja niwaeleze, maana wengi wenu hamkuiona. Kabla ya mashine zenu za kioo, tulipotaka kujua kama mirija ya uzazi iko wazi tulipuliza hewa ndani yake. Mwanamke alilala chali, Daktari akaingiza kijiti chembamba chenye tundu kwenye mlango wa mfuko wa uzazi, nacho kilikuwa na kizibo cha mpira ili hewa isirudi nje. Hewa yenyewe ni ile gesi wanayoitia kwenye soda, nayo ilitoka kwenye chupa ya chuma. Kazi yangu ilikuwa kushika kifungulio na kutazama mshale wa kipimo. Mirija ikiwa wazi, hewa hupita ikatokea tumboni na mshale hushuka. Ikiwa imeziba, mshale hupanda ukabaki huko juu.

Kulikuwa na alama ya pili. Mwanamke akiinuliwa kukaa, ile hewa iliyoingia tumboni hupanda mpaka chini ya mbavu, na maumivu yake huyasikia begani. Msiniulize kwa nini bega. Daktari alisema mshipa wa fahamu wa huko na wa bega ni ndugu, nami nikaridhika. Kwa hiyo kwetu kilio cha bega kilikuwa habari njema. Tumbo likipulizwa na bega lisiume, tulitazamana.

Sista Turfena aliniambia siku ya kwanza kwamba hewa ikisukumwa kwa nguvu ikaingia kwenye mshipa wa damu, mwanamke anaweza kufa palepale. Tangu siku hiyo kiganja kilinitoka jasho kila nilipokishika kile kifungulio. Sijui kama alikuwa akinifundisha au akinitisha. Kwake yalikuwa jambo moja.

Sasa niwaambie juu ya Peres.

Wanawake wenzake kwenye benchi walimwita Nyar Sakwa, yaani binti wa Sakwa, kwa sababu Wajaluo humwita mke kwa jina la alikotoka, na Sakwa ni upande wa Bondo. Alikuwa ameolewa Dunga, kando ya ziwa. Aliwapokea wavuvi ufuoni, akanunua samaki, ngege na omena, akakaanga na kuuza mjini. Mume wake, Okelo, aliendesha trekta la kukokota miwa Muhoroni na kurudi nyumbani alipopewa ruhusa. Siku nyingine zote Peres alikaa bomani na mama mkwe wake.

Walikuwa wameoana miaka kadhaa bila mtoto. Lakini kabla ya hilo kulikuwa na jambo jingine alilolisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja wizi. Kila mwezi damu ilipomjia alijikunja sakafuni akatapika, akashindwa kusimama penye moto wa samaki. Hata kwenda choo kubwa siku hizo kulimtoa machozi. Nyumbani walimwambia wanawake wote huumwa. Mganga mmoja alimchanja chale tumboni. Mwingine alisema ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa, na ukoo mzima ukaanza kukumbushana nani alivunja nini. Zahanati walimdunga penisilini, na alipouliza ni ya nini, hakujibiwa.

Mimi najua ilikuwa ya nini. Siku hizo mirija ikiziba, wazo la kwanza la kila mtu hospitalini, kuanzia daktari hadi mpishi, lilikuwa kisonono. Na kisonono hakiji bila swali: nani kamletea nani? Nimewaona wanawake waaminifu kabisa wakirudi kliniki na jicho limevimba kwa sababu ya swali hilo. Mkitaka kujua kwa nini wagonjwa wetu walituficha mambo, anzieni hapo.

Benchi lile la barazani lilikuwa chuo. Sisi wauguzi tulidhani tunafundisha ndani, kumbe masomo yote yalikuwa nje. Aliyekwisha kupimwa alimweleza anayengoja, na aliyengoja akamweleza aliyefika punde. Siku ya zamu ya Peres, mama mmoja wa Muhoroni mwenye sauti ya kuita ng'ombe alikuwa akitoa darasa.

"Wakikuinua, wewe sema bega. Bega ikiuma, uko sawa. Isipouma, mama, hiyo wataita kisonono, na utaeleza bwana yako peke yako."

Hayo Peres mwenyewe alinisimulia baadaye. Siku ile mimi niliona tu mwanamke mwembamba akiingia na leso yenye harufu ya samaki kichwani, akinitazama kana kwamba nimeshika panga.

"Mama, lala. Hapana ogopa," Daktari alimwambia. Alikuwa Mhindi mrefu, mpole, na Kiswahili chake alikijifunza dukani kwa mjomba wake, kwa hiyo alimtibu kila mtu kama mteja.

Nilifungua hewa. Mshale ulipanda, ukasita, ukashuka kidogo, ukasita tena. Kizibo chetu cha mpira kilikuwa kizee na tulikuwa tumeagiza kingine, hakijafika. Kwa hiyo mshale ukishuka haikueleweka kama hewa imepita kwenye mirija au imechurura pembeni ya kizibo. Daktari akangoja bega limwamulie.

"Bega!" Peres akalia, bado amelala chali. "Uwi! Bega yangu!"

"Kulia ama kushoto?"

"Yote, Daktari!"

Tulicheka. Hata Sista Turfena alitabasamu kidogo. Daktari akamwambia mirija ni safi, aende nyumbani alete mtoto, na Peres akatushukuru sana. Nilipomshika mkono kumshusha kitandani, nilishangaa ulivyokuwa baridi, lakini nje kulikuwa na wengine wanangoja.

Alirudi msimu wa mvua, siku ambayo si ya kliniki. Nilikuwa kwenye chumba cha kuoshea vyombo napima glavu, nikamwona amesimama mlangoni na beseni tupu la samaki. Nikadhani amekuja kuniambia ana mimba. Nilifungua mdomo nimpongeze, nikauona uso wake, nikaufunga.

"Sista, funga mlango," alisema. Nikaufunga. "Mimi nilidanganya Daktari. Bega haikuuma. Hata kidogo."

Nilikaa juu ya ndoo. Akanieleza yote akiwa amesimama, amelikumbatia lile beseni.

Aliporudi nyumbani na habari kwamba njia iko wazi, mama mkwe alipiga vigelegele. Halafu akawaza. Kama mke ni mzima na mtoto haji, basi tatizo liko kwa nani? Okelo aliporudi kutoka Muhoroni aliyakuta hayo yakimngoja. Hakumpiga mkewe, hakufoka. Alikula, akalala, na alfajiri akarudi kazini bila kuaga, na ruhusa iliyofuata hakuja nyumbani kabisa.

Ndipo mama mkwe akamwita Peres jikoni akamweleza njia ya zamani. Mume akishindwa kuzaa, ukoo humsaidia kimya kimya. Ndugu yake mmoja huja nyumbani kwa mke wakati mume hayupo, mtoto akizaliwa ni wa mume, na hakuna anayesema neno mpaka kaburini. Shemeji alikuwa ameshachaguliwa. Alikuwa ameshakubali.

"Mama anasema wiki hii," Peres akaniambia. "Anasema ni ya kumsaidia Okelo, asipate aibu. Na mimi ndio nimeleta hiyo maneno, Sista. Mimi na bega yangu. Luoro omaka. Woga umenishika, siwezi hata kukaanga samaki, mafuta inanichoma mkono."

Akanionyesha mkono. Kweli ulikuwa na malengelenge.

Nawaambia ukweli, niliogopa kama yeye. Akikiri uongo wake, mirija itaonekana imeziba, na ataulizwa kisonono kilitoka wapi. Akinyamaza, shemeji ataingia. Na muda wote huo uchungu wa kila mwezi ulikuwa palepale, unazidi, na hakuna aliyekuwa akiutafuta tena kwa sababu tulikuwa tumeshasema ni mzima. Nilimpeleka kwa Sista Turfena kwa sababu sikujua mahali pengine pa kumpeleka mtu aliyeshikwa hivyo.

Sista Turfena alimsikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atamfinya sikio. Badala yake alimuuliza, "Siku ile ulilia bega ukiwa umelala au umekaa?"

"Nimelala."

"Bega la hewa halimuumi mtu aliyelala hivyo," akasema. Kisha akanigeukia. "Wasichana, sikieni. Kila mmoja wenu aandike hilo kichwani." Nilikuwa peke yangu mle chumbani, lakini yeye alipenda kufundisha darasa lililojaa.

Peres alilazwa wodini siku hiyohiyo, kwa neno la Sista, ikasemekana ana homa. Hivyo shemeji alikosa wa kumtembelea. Kizibo kipya cha mpira kilikuwa kimeshafika, nami nilikipima ndani ya maji na shavuni kabla ya kumpa Daktari. Safari hii mshale ulipanda ukakaa. Ulikaa pale juu mpaka nikafunga kifungulio bila kuambiwa. Tukamwinua. Bega kimya.

Daktari alikasirika, na alikuwa na haki. "Kwa nini danganya mimi? Mimi nikupe dawa ya uongo?" Peres alitazama sakafu. Kisha Daktari akamuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, na nawaomba mlishike kuliko yote niliyowaambia leo. Alimuuliza inauma wapi, lini, na inafanyaje. Akavuta kiti, akakaa, akangoja.

Peres alianza polepole. Aliposema juu ya choo, Daktari aliinua kichwa. Akampima kwa kidole, akagusa mahali nyuma ya mfuko wa uzazi, na Peres akaruka kama aliyeguswa na moto. Daktari akanawa mikono muda mrefu, kisha akasema huenda hiki si kisonono kabisa. Kuna ugonjwa unaoitwa endometriosis. Ule utando wa ndani ya nyumba ya mtoto, unaotoka na damu ya kila mwezi, kwa wengine huota nje, kwenye mirija, kwenye ovari, hata kwenye utumbo. Nao kila mwezi unatoa damu hukohuko, na damu hiyo haina mlango. Inachoma, inagandisha kitu na kitu mpaka mirija inakunjamana na kufunga. Hakuna mtu aliyeuleta. Hauambukizwi na yeyote.

"Si kisonono?" Peres akauliza.

"Mimi nafikiri hapana. Lakini lazima fungua tumbo, angalia na macho."

Furaha ya neno la kwanza na hofu ya neno la pili zilimpata kwa pamoja. Alicheka, kisha meno yakaanza kugongana.

Okelo aliitwa kutoka Muhoroni kuja kutoa idhini, maana siku zile mke hakufunguliwa tumbo bila mume kukubali. Alikuja na nguo za kazi, akinukia molasi. Peres alisema lazima amweleze yeye mwenyewe, nami nikakaa pembeni kwa sababu alinishika aproni. Alimwambia alidanganya. Alimwambia, "Si wewe. Haikuwa wewe." Nilitazama mikono mikubwa ya Okelo yenye mafuta meusi ya injini, nikiomba isiinuke.

"Nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi," alisema mwishowe. Akatoka nje, akakaa barazani na mgongo ukutani. Hakuondoka.

Asubuhi ya upasuaji Peres hakuogopa kufa, au kama aliogopa, hakusema. Aliogopa jambo moja tu. Kwenye benchi walikuwa wamemwambia kwamba ukishapewa nusukaputi, madaktari hutoa nyumba ya mtoto, wakakushona, ukaamka umekuwa mtu mwingine na hakuna anayekuambia. Nami ningependa kuwaambia kwamba benchi lilikosea. Halikukosea. Nilishawaona wanawake waliorudi miaka baada ya miaka wakiomba dawa ya mtoto, na kovu tumboni, na ndani hamna kitu, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

"Nikiamka, wewe ndio uniambie," alisema nikimsukuma kwenye machela. "Si Mama. Si Daktari. Wewe. Na usinidanganye, hata kama mimi nilidanganya."

Nikamwahidi. Kisha tukaingia, akawekewa kitambaa usoni, akahesabu kwa Dholuo mpaka sauti ikazama.

Tumbo lilipofunguliwa, Sista Turfena alimtaja Nyasaye, yaani Mungu, chini ya barakoa. Kulikuwa na madoa meusi na ya buluu kila mahali, kama risasi ndogo za bunduki ya kwale. Utumbo ulikuwa umejibandika nyuma ya mfuko wa uzazi. Mrija wa kushoto ulikuwa umevimba na mdomo wake umefumba, na ovari ya upande huo ilikuwa mfuko wa damu nzito nyeusi kama rangi ya viatu. Mrija wa kulia ulikuwa umekunjwa na nyuzi za makovu, ukafichwa, hatukuweza kujua kama una uhai. Nilifikiria yule mwanamke akikaanga samaki na hayo tumboni, na watu wakimwambia wanawake wote huumwa.

Daktari aliushikilia mkasi juu ya tumbo bila kukata. "Nikitoa yote," alisema, "nyumba, mirija, ovari, uchungu utakwisha. Nikiacha, pengine itarudi. Na mtoto sijui kama atapata. Bwana alisema nini?"

Hakuna aliyejua bwana alisema nini zaidi ya ndiyo. Nikatumwa.

Niliitembea ile njia ndefu kuelekea barazani. Nilijua nitakachouliza, na nilijua jibu la wanaume wengi, na nilikuwa nimeahidi. Okelo alikuwa amesimama. Mama mkwe alikuwa ameketi na chupa ya uji mapajani. Nikawaeleza kama Daktari alivyosema, yote mawili, bila kupendelea.

Mama mkwe ndiye aliyejibu kwanza. "Toeni," alisema. "Huyo mtoto amelia vya kutosha. Mimi nalala ukuta mmoja na yeye, nasikia kila mwezi."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au alishakata tamaa na tumbo lile akawa anawaza mke wa pili. Labda yote. Binadamu ana nafasi ya yote mawili.

Okelo alitikisa kichwa. "Muulizeni mwenyewe."

"Amelala, Baba. Yuko kwenye dawa."

"Basi ngojeni aamke."

"Hatuwezi kumfunga na kumfungua tena leo, ni hatari. Daktari anataka neno lako."

Alitazama viatu vyake. "Huo uchungu, mimi sijawahi kuusikia. Nitatoaje kitu chake kwa uchungu ambao sijui? Mwambie Daktari atoe kile kimeoza tu. Kile kinaweza kukaa, kikae, mpaka huyo mwenye mwili aamke aseme."

Nilirudi nikikimbia, nikanawa upya, nikalisema neno lile kama lilivyo. Daktari akaguna, akainama. Alitoa mrija wa kushoto na ovari yake. Kisha akauinamia ule wa kulia asubuhi nzima, akikata nyuzi za makovu moja moja, mpaka mrija ukanyooka na vile vidole vyake vya mwishoni vikaonekana. Sista Turfena alimfuta jasho.

Peres alipofumbua macho nilikuwa kando yake. Midomo ilikuwa mikavu, hakuweza kuuliza, aliniangalia tu. Nikamwambia polepole kwa Kiswahili, kisha kwa Dholuo ili pasiwe na kosa. Mrija mmoja umetoka, ovari moja imetoka. Nyumba ya mtoto ipo. Mrija wa kulia upo. Okelo ndiye aliyesema uachwe. Alifumba macho na machozi yakatiririka mpaka masikioni, nikayafuta kwa kona ya shuka. Hakuniuliza mara ya pili. Aliniamini, na sijawahi kupewa zawadi nzito kama hiyo.

Kidonda kilipokauka na miezi ikapita, alirudi kwenye benchi lile la Alhamisi kupimwa kwa hewa tena. Darasa lilikuwa linaendelea kama kawaida, sema bega, sema bega, nikamsikia akiwakata kauli. "Mimi sisemi kitu. Nitanyamaza."

Alinyamaza kweli. Nilifungua hewa nikiutazama mshale kuliko nilivyowahi kuutazama. Ulipanda, ukapanda, nikaanza kusali, kisha ukashuka. Lakini mshale ulishawahi kutudanganya. Tukamwinua kukaa. Kimya. Daktari akangoja. Peres alitazama ukuta, midomo imebanwa, na niliona anaogopa kama mtu anayengoja hukumu.

"Bega?" Daktari akauliza.

"Bado."

Daktari alikuwa anageuka kuchukua kalamu wakati uso wa Peres ulipobadilika. Mkono wa kushoto ulipanda taratibu ukalishika bega la kulia, juu kabisa, mahali pamoja, kama mtu anayemkamata mdudu. Akainama. Akavuta pumzi kwa meno.

"Sista," alisema. "Yawa, jamani, Sista, inauma."

"Hakika?" Daktari akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kudanganywa na bega la Peres.

Alikuwa akilia na kucheka. "Daktari, ningejua inauma hivi, singethubutu kudanganya."

Sasa najua mnachotaka kuniuliza. Kila nikisimulia habari hii, vijana huuliza kama alizaa. Hamjaniuliza kama uchungu ulipungua. Ulipungua. Miaka miwili mitatu alikaanga samaki bila kukaa chini, kisha ukarudi, mdogo kuliko wa kwanza, naye akawa anaujua kwa jina na anajua pa kwenda nao. Okelo hakuoa mke wa pili, ingawa nyumbani walimshawishi sana. Na ndiyo, alizaa. Msichana mmoja, basi. Mama mkwe ndiye aliyempokea mlangoni kwa vigelegele.

Nilikuwa karibu kustaafu nilipotoka nje asubuhi moja nikamkuta Peres kwenye benchi, nywele zimeingia mvi, na kando yake msichana wa shule, sare ya buluu, amejikunja na mikono tumboni. Nilimjua yule msichana kwa mgongo wake tu, jinsi alivyoukunja.

Benchi zima lilikuwa likimfariji, wanawake wote huumwa, itapita. Peres hakuwasikiliza. Alisimama aliponiona.

"Sista, ni mwezi wake wa tatu tu tangu aanze kuona damu," alisema. "Nimemleta kabla hajajifunza kusema haiumi."

Nikavuta kiti nikamkalisha yule mtoto ndani, nikafunga mlango, nikamwambia anionyeshe kwa kidole panapouma. Kisha nikakaa, nikangoja.